Tata, Kompyuta Haikupona kwa Maombi

Tata Wambũi, shangazi yangu,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si Cucu (na nyanya hafichwi kitu), hata yule ninayeketi naye deski moja shuleni, ambaye huwa namwambia karibu kila kitu. Kompyuta ya kanisa haikupona kwa maombi. Ni mimi niliyeitengeneza.

Haya, nimesema. Nilidhani nikifika hapo kalamu itagoma, lakini ona, mwandiko ni ule ule wangu uliokuwa ukisema unafanana na kuku aliyekanyaga wino.

Wacha nikupe habari kwanza, maana nakujua, wewe hukuwa mtu wa "hujambo", ulikuwa mtu wa "leta mpya". Mpya ni nyingi. Mama anavaa gambuti zako shambani. Zinambana, lakini ukimwambia hivyo anakasirika. Chumba chako cha Makongeni kimepata mpangaji. Tulipita Thika juzi, Mama akaona pazia jipya dirishani, la maua makubwa ya zambarau, akasema, "Ngai, hilo ni pazia ama ni nguo ya kulalia?" Tukacheka mpaka tukashikana hapo barabarani. Halafu tukaenda kununua viazi. Cucu naye amejifunza kutuma sauti kwa simu, na sasa anatutumia mahubiri mazima huku sufuria zikigongana nyuma yake.

Laptopu yako iko kwangu. Walisema ni ya masomo. Ni ya masomo kweli, ila si yale wanayofikiria.

Sasa hiyo kompyuta. Ile ya zamani ya kanisa letu hapa Ruiru, yenye mgongo mkubwa, ilianza kuzimika katikati ya ibada. Inaimbisha ubeti wa kwanza, wa pili inalala. Mtu mwema akaleta nyingine mpya, nyembamba kama chapati. Kazi ya kuhamisha programu yako, ile Rwĩmbo inayotupa maneno ya nyimbo ukutani, akapewa Kĩmani, mwenyekiti wa vijana. (Siku hizi ana ndevu. Ama yeye anasema ni ndevu.) Akachukua Rwĩmbo yote kwa flashi, programu na nyimbo zake, akaiweka kwenye ile mpya, akapangusa mikono. "Kazi kwisha. Dakika tano." Hakujaribu hata wimbo mmoja.

Jumapili ikafika. Mimi niko pale nyuma kwenye kiti chako, kile uliniachia kwa sababu uliona napenda kukaa mahali ambapo watu wote wanatazama upande mwingine. Mama Shiro, kiongozi wa akina mama, akaanzisha ule wimbo walioutunga wenyewe, wa kushukuru kwa mvua. Nikabonyeza. Ukuta ukajaa visanduku.

Tata, si kimoja. Kila mahali palipokuwa na ũ, kisanduku. Kila mahali palipokuwa na ĩ, kisanduku. Na wewe unajua Kikuyu bila hizo mbili ni kama githeri bila maharagwe, mahindi matupu. Kiitikio wanakijua kwa moyo, lakini beti zile ni ndefu, na nusu ya waliozitunga wameshazeeka au wametutoka. Sauti zikaanza kupungua moja moja. Nikatamani sakafu inimeze pamoja na kiti.

Ndipo Cucu akapiga kofi.

Kofi moja, kali, mahali pa kisanduku cha kwanza. Kisha cha pili. Yule mama wa karibu naye akamtazama, akatazama ukuta, akapiga pia. Kufika ubeti wa pili kanisa zima linaimba na kupiga makofi kwenye visanduku, mahali pasipo na mpango wowote, mara makofi matatu yamefuatana, mara mstari mzima hakuna. Kijana wa ngoma akapotea kabisa, akaweka vijiti chini, akawa anaangalia tu. Baada ya ibada nikamuuliza Cucu ni nini kile. Akanishangaa. "Si ni nyinyi mmeandika? Kasanduku, kofi. Mngetuambia mapema tufanye mazoezi."

Nilicheka peke yangu njia yote ya kwenda nyumbani. Nikafika mlangoni nikitafuta nani wa kumwambia, na ni wewe.

Lakini kamati haikucheka. Walikaa wiki hiyo, na mimi nikawa nafuta vumbi kwenye viti ili nisikie. Mzee mmoja akasema programu imezeeka, itupwe, tupate ya kisasa. Kĩmani akasema nyimbo za kitabu zinaweza kuandikwa upya. Mama Shiro akauliza, "Na zetu?" Wakapita kwenye ajenda iliyofuata. Zao haziko kwenye kitabu chochote, Tata. Ziko ndani ya Rwĩmbo peke yake, kwa sababu ni wewe uliyekuwa ukiketi nao Alhamisi wakiimba, ukiandika.

Mama Shiro si mtu wa kushindwa. Akawaita akina mama, wakaizunguka ile kompyuta mpya, wakaiwekea mikono. Mmoja akatoa chupa ya mafuta. Kĩmani akakimbia kutoka kule nje. "Mama, tafadhali! Omba tu, lakini mafuta isiingie kwa kibodi!"

Siku hiyo ndiyo niliamua. Nilirudi nyumbani, nikafungua laptopu yako, nikatafuta ile folda ambayo programu imeandikwa ndani yake. Ilikuwa likizo. Nilikuwa nafanya mchana mezani, na vitabu vya Kemia vimefunguliwa pembeni. Mama akipita na chai ananiambia, "Soma, mwanangu," na mimi nasoma kweli.

Nilikuwa nakumbuka somo lako la plot. Siku ile mvua ilitufungia kwako Makongeni, tukala mahindi ya kuchoma, na ukanieleza kitu ambacho hakuna mwalimu amewahi kunieleza hivyo, si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili. Ulisema kompyuta haijui herufi, inajua namba. Ulisema, "Fikiria plot ya kule Mwihoko, ya vyumba vya kukodisha. Kila herufi ni mpangaji, ana namba ya mlango." Programu za zamani, ulisema, zilijenga plot moja ndogo, na waliojenga walifikiria watu wao. Wazungu wakajaa. Halafu ĩ na ũ wakafika jioni na godoro kichwani, wakaambiwa hakuna chumba.

"Sasa mimi," ukaniambia, "nikazunguka hiyo plot nikiangalia nani hana kazi kanisani. Nikapata alama ya pesa ya Japani. Nani ataimba pesa ya Japani Ruiru? Nikamtoa. Nikamweka ũ. ĩ naye nikampa mlango wa mwingine asiye na kazi." Ukachora fonti yako mwenyewe ili kwenye huo mlango paonekane ũ. Na kwa sababu kibodi haina ũ, ukaifundisha kungoja: mtu akibonyeza nukta-mkato haandiki kitu, programu inanyamaza, mpaka abonyeze u, ndipo ũ inatoka. "Kibodi inajua tu umefinya wapi," ulisema. "Herufi ni sisi tunaamua."

Kumbe hapo ndipo tatizo lilikuwa. Kompyuta za siku hizi zimehama plot. Zinakaa estate kubwa isiyo na mwisho, kila herufi ya dunia ina nyumba yake, hata zetu. Lakini ukitoka nje ya herufi za Kiingereza lazima utaje geti kwanza, halafu mlango. Nyimbo zako zilikuwa zinataja mlango peke yake. Mlinzi anauliza, geti gani? Kimya. Basi anachora kisanduku, anaendelea na mwingine.

Nilipoelewa hivyo niliinuka nikazunguka meza. Kama ungekuwepo ungeniambia, "Kaa chini, kairĩtu gakwa, msichana wangu, bado hujafanya kitu."

Kweli, nilikuwa bado. Niliandika kaprogramu kadogo ka kupitia nyimbo zote, kila kakikuta ile pesa ya Japani, kaweke ũ ya kweli na geti lake, na ĩ vivyo hivyo kwenye mlango wake. Nikasahau herufi kubwa, kwa hivyo mistari yote iliyoanza na Ĩ au Ũ ikabaki na visanduku. Nikarudia. Nyimbo zikakaa sawa. Lakini ndani ya Rwĩmbo yenyewe, pale kibodi inapoingilia, ulikuwa umetenga nafasi ya namba moja tu kwa kila herufi. Nikapanua. Nikabonyeza nukta-mkato, nikabonyeza u. Ikatoka ũ! Nzima! Nikapiga kelele, Mama akaita kutoka nje, "Nini?" nikasema, "Kemia!"

Halafu nikaifuta ile ũ, na badala ya kuondoka ikageuka kisanduku. Nilikaa na hiyo siku mbili. Kumbe kitufe cha kufuta kilikuwa bado kinafuta namba moja tu. Mlango umeondoka, geti limebaki limesimama peke yake barabarani.

Lakini si hayo niliyotaka kukuambia zaidi. Nilitaka kukuambia kwamba nilikukuta mle ndani. Sikujua umeacha maneno katikati ya programu, ile mistari ambayo kompyuta inairuka na ni mtu tu anaisoma. "Nimeandika hii nikiwa na njaa." "Mtu akiuliza kwa nini, mwambie niko kwa choo." Na pale ũ inapoingia: "Ukivunja hapa, utamweleza Cucu mwenyewe." Na chini kidogo: "Sijui kwa nini hii inafanya kazi. USIGUSE."

Nilicheka. Halafu nikalia, Tata, kilio cha kweli, mpaka nikafunika kibodi na kitambaa isilowe. Ilikuwa sauti yako kabisa. Kila mahali pengine watu wanakuongelea polepole, marehemu hivi, marehemu vile. Mle ndani bado unataniana na mtu.

Nimefuta mistari yako kadhaa. Ilibidi. Maneno yako sikuyagusa hata moja. Ila chini ya ile USIGUSE nimeandika, "Nimegusa, Tata. Samahani. Sasa inafanya kazi na najua kwa nini."

Jumamosi tulienda kuosha kanisa. Wakati wengine wako nje wanateka maji, nikachomeka flashi, nikabadilisha, nikachomoa, nikachukua fagio. Basi.

Jumapili ukuta ukawa mzima. Mama Shiro aliona ũ ya kwanza akasimama mdomo wazi, kisha akapiga kigelegele ambacho nadhani ulikisikia huko uliko. Watu wakalia. Pasta akasimama akashuhudia mbele ya kanisa lote kwamba hata mashine zinamjua Muumba wake. Kĩmani, ambaye anasomea kompyuta chuoni Juja, Tata, kompyuta! akasema amina.

Na unajua nini? Wanapiga makofi bado. Herufi zimerudi zote, visanduku havipo, na makofi yako pale pale yalipokuwa. Wameyafanyia mazoezi Alhamisi. Kijana wa ngoma ameshayajua. Nilimwambia Cucu siku hizi hakuna alama ya kofi, akanijibu, "Wacha. Ule wimbo ulikuwa umelala."

Nilidhani imeisha hapo. Ningebaki na siri yangu tamu, wao na muujiza wao, hakuna aliyeumia. Na sisemi maombi hayakufanya kitu. Labda yalianguka kwangu badala ya kuanguka kwenye kompyuta. Mikono ilikuwa mingi, na mimi nilikuwa karibu.

Lakini Jumapili iliyopita alikuja mzee kutoka lile kanisa lako la Thika, ulikokuwa ukienda ukiwa Makongeni. Nao pia uliwawekea Rwĩmbo, na akina mama wao pia wana nyimbo zao ndani yake. Kompyuta yao ya zamani imefika mwisho, wamejaribu kuhamisha, wamepata visanduku. Wamesikia habari zetu. Akauliza mbele ya wote, "Ni nani aliwatengenezea?"

Mama Shiro akasema, "Ni Mungu."

Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. "Mungu tunamjua, mama. Tunauliza alimtuma nani."

Watu wakacheka. Wakageuka huku na huku wakitafuta. Mimi nilikuwa pale nyuma, kwenye kiti chako. Mzee akasema hawana haraka ila hawana muda pia: Jumapili hii wanaamua, na kama hakuna mtu wa kuwasaidia watanunua programu mpya, na ile kompyuta itaenda na watu wa vyuma vikuukuu. Pamoja na nyimbo. Wameshakubali, alisema. Alisema vizuri tu, bila kulalamika, na hiyo ndiyo iliniuma.

Mimi nilibadilisha ubeti ukutani.

Sasa wacha nikwambie kwa nini sikujitaja, kwa sababu hata mimi nilikuwa najidanganya. Nilikuwa nasema ni haya. Ni haya kweli, kidogo. Najua wataniita mbele wanipe kipaza sauti, na unajua nikipewa kipaza sauti huwa nasahau hata jina la shule yangu. Lakini kubwa si hiyo. Kubwa ni kwamba nikisema, watafungua. Kĩmani atasema nionyeshe, na kijana wa Thika atasema nionyeshe, na wote wataingia mle ndani wasome "nimeandika hii nikiwa na njaa" na wacheke. Na mimi nilitaka pabaki mahali pamoja ambapo unaongea na mimi peke yangu.

Haya, hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kweli. Ya kompyuta ilikuwa kifuniko.

Unakumbuka uliponipeleka kwenye maporomoko ya Chania? Tulisimama kwenye ukingo pale karibu na ile hoteli ya zamani, maji yanaanguka kwa kelele, ukaniambia, "Ita jina lako. Kwa nguvu. Maji yatakufunika, hakuna atakayesikia." Nikaita. Nikaita tena. Mara ya tatu mzungu mmoja akageuka, akanipungia mkono, akajibu, "Hello, Njambi!" Nilitaka kufa. Wewe ulicheka ukakaa chini kwenye nyasi na sketi yako nzuri. Halafu ukasema, "Umeona? Amesikia, na bado uko hai."

Nimeyafikiria hayo wiki nzima. Na pia nimefikiria hivi: wewe hukuandika yale maneno kwa ajili yangu. Ulipoyaandika mimi nilikuwa mtoto wa kunyonya, labda hata sijazaliwa. Uliyaandika kwa mtu yeyote atakayekuja baadaye akiwa amekwama. Ulitaka asomaye acheke. Basi mimi ni nani nikufungie?

Kwa hivyo nakuahidi. Jumapili hii naenda Thika. Nitamwambia Kĩmani twende wote, ili mimi nifanye na yeye aongee, lakini lile swali la nani, nitalijibu mwenyewe. Nyimbo za akina mama wa kule zitatoka kabla hiyo mashine haijapakiwa kwenye mkokoteni. Nitamfundisha mmoja wao, kama ulivyonifundisha, kwa plot na geti na mahindi ya kuchoma kama yatapatikana. Na yeyote atakayegusa programu hii anaweza kubadilisha kila kitu, lakini maneno yako hafuti. Hapo nitapigana. Mimi, Tata. Hebu fikiria.

Lala vizuri. Usiwe na wasiwasi na Mama, anakula. Usiwe na wasiwasi na Cucu, yeye hata ukitaka huwezi. Nakupenda, na sikukuambia vya kutosha kwa sababu nilikuwa nadhani unaniona tu.

Ni mimi, Njambi wako.

Mama anakuja. Ni yeye, naijua miguu yake, ndara inavyoburuzika kwenye simiti. Amepita jikoni. Kitabu cha Jiografia kiko hapa karibu na mkono wangu, ni kikubwa, kinafunika karatasi zote hizi, na siku zote hivyo ndivyo huwa nafanya. Nimekisukuma kimeanguka upande ule mwingine wa kitanda.

Amesimama mlangoni. Anauliza, "Unaandika nini na macho mekundu hivyo?"

Mama, keti hapa. Anza kusoma pale juu.